Pointi 45 za Wasichana Watatu: Namna ya Kuisoma na Kuipanga Timu ya Kitara

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari wilayani Ilemela, Mwanza, na ninafundisha netiboli. Wasichana wangu waliona kwenye simu marudio ya fainali ya timu za wanawake za kitara, yaani mchezo wa kupigana kwa upanga mwepesi, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, Ukraine ilipoifunga Korea Kusini 45–42, na tangu siku hiyo wananibana kwa maswali ambayo siyawezi. Kwa nini taa za pande zote mbili huwaka kwa pamoja, kisha pointi akapewa mmoja? Iliwezekanaje Ukraine iliyokuwa nyuma 37–40 ishinde katika pambano moja la mwisho? Na kama ningetaka kupanga timu ya watatu kati yao, nani aanze na nani amalizie? Hatuna kifaa hata kimoja. Je, tunaweza kuanza na chochote?

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na unisalimie wasichana hao. Swali lako la pili ndilo lenye kina, nami nitakaa nalo kuliko mengine. Lakini haliwezi kueleweka kabla ya lile la taa, kwa kuwa kila moja ya zile pointi 45 hupita kwanza mbele ya mwamuzi, naye ndiye anayesema taa hizo zina maana gani.

Mchezo wa vitara una silaha tatu. Mbili kati yake, foili na epe, hugusa kwa ncha peke yake. Ya tatu, ambayo ndiyo nitakayoiita kitara katika jibu hili, hugusa kwa ncha na pia hukata kwa makali, na ndiyo sababu mchezo wake una kasi kuliko nyingine zote. Urefu wote wa kitara hauzidi sentimita 105, bapa lake halizidi sentimita 88, na uzito wake haufiki gramu 500. Sehemu ya mwili inayohesabika ni kuanzia kiunoni kwenda juu, pamoja na kichwa na mikono. Mchezaji huvaa juu ya mavazi yake koti lililofumwa kwa nyuzi zinazopitisha umeme, na barakoa yake ya wavu wa chuma hupitisha umeme vilevile, kwa hiyo bapa la mpinzani likitua hapo taa huwaka. Pigo likitua pajani hakuna taa yoyote, na mchezo huendelea.

Mguso wa kwanza unaposajiliwa, mashine haijifungi papo hapo, bali humwachia yule wa pili nafasi ya takriban milisekunde 170, muda usiofika hata sehemu ya tano ya sekunde. Akigusa ndani ya muda huo, taa yake nayo huwaka. Akichelewa, mashine imekwisha kumfungia. Hadi mwaka 2016 nafasi hiyo ilikuwa milisekunde 120, na kuongezwa kwake kulibadilisha mambo mengi, kwa maana mchezaji aliyekinga kwa usahihi na kisha kujibu alipata muda wa kutosha wa jibu lake kuonekana, hata kama mshambuliaji aliyekingwa aling'ang'ania kurudia pigo. Taa mbili, kwa hiyo, husema jambo moja tu: wote wawili wamegusa ndani ya muda ule mfupi. Hazisemi nani alikuwa na haki.

Haki ndiyo kazi ya mwamuzi. Kanuni ni kwamba anayeanza shambulio, mkono wake ukinyooka kuelekea kwa mpinzani na tishio likiendelea bila kukatika, ana kipaumbele, na yule anayeshambuliwa anawajibika kufanya jambo kwanza ili kulivunja shambulio hilo. Anaweza kulikinga kwa kitara chake, na hapo haki humhamia yeye ajibu. Anaweza kurudi nyuma hadi pigo likatize hewani bila kumfikia, na hapo pia zamu ni yake. Lakini kama hakukinga wala hakukwepa, akaamua tu kumkata mshambuliaji mkononi, basi taa mbili zitawaka na pointi itakwenda kwa mshambuliaji. Mshambuliaji naye hupoteza haki akisita, au akiurudisha mkono wake nyuma katikati ya safari. Na kama wote wawili wameanza kwa pamoja kwa namna ambayo mwamuzi haoni tofauti, hakuna anayepewa kitu. Wanarudi kwenye mistari yao, kila mmoja mita 2 kutoka katikati ya ukanda wa kuchezea, yaani pisti, ambao una urefu wa mita 14, nao husubiri tena amri ya mwamuzi ambayo kote duniani hutolewa kwa Kifaransa.

Ushauri wangu ni kwamba wanaporudia ile fainali kwenye simu, mtu mmoja azifunike taa kwa kidole na wengine wabishane nani alikuwa na haki kwa kutazama miguu na mikono peke yake. Ninaamini kwa dhati kwamba msichana ambaye hawezi kuamua pointi ya wenzake hawezi kuijenga ya kwake, na nimeona wachezaji wenye nguvu na kasi wakibaki palepale mwaka baada ya mwaka kwa sababu hawakuwahi kujifunza kuona kile anachokiona mwamuzi.

Sasa nije kwenye hesabu ya timu. Nitaeleza utaratibu uliotumika Paris, kwa kuwa ndio waliouona. Kanuni za mashindano hurekebishwa mara kwa mara, hivyo kwa shindano lolote lingine soma kwanza kanuni za mwaka wake. Kila timu ina wachezaji watatu na mmoja wa akiba. Kila mchezaji hukutana na kila mmoja wa upande wa pili mara moja, kwa hiyo kuna mapambano tisa. Pambano la kwanza huisha timu moja inapofikisha pointi 5, la pili inapofikisha 10, la tatu 15, na kuendelea hivyo hadi la tisa linaloishia kwenye 45. Kila pambano lina kikomo cha dakika 3, lakini katika kitara muda huo ni nadra kumalizika. Jambo ambalo watazamaji wengi hulikosa ni kwamba matokeo hayaanzi upya. Anayeingia hurithi yale aliyoyaacha mwenzake, yawe mazuri au mabaya.

Tazama maana yake. Timu inayoongoza huwa imekwisha kufika kwenye kikomo cha pambano lililotangulia, kwa hiyo kila pambano jipya huanza kwake na mahitaji yaleyale: pointi 5, wala si zaidi. Timu iliyo nyuma huhitaji 5 pamoja na deni lake. Kama deni ni 3, inahitaji 8. Kama deni ni 10, inahitaji 15. Hilo linaonekana kuwa adhabu, na kwa upande mmoja ni adhabu kweli, lakini ndani yake kuna mlango ambao haupo katika mapambano ya kawaida ya pointi 5: mchezaji aliye nyuma anaruhusiwa kufunga pointi nyingi kadiri awezavyo mpaka mmoja wao afike kikomo. Hakuna anayemsimamisha akifikisha 5. Ndiyo maana deni la timu nzima linaweza kulipwa na mtu mmoja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 3 Agosti 2024 katika ukumbi wa Grand Palais. Olga Kharlan aliingia pambano la tisa Ukraine ikiwa na 37 na Korea Kusini 40. Jeon Ha-young alihitaji pointi 5. Kharlan alihitaji 8. Kharlan akapata zote 8, naye Jeon akapata 2, na mechi ikaisha 45–42. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Ukraine katika michezo ile. Wasichana wako wasidhani kwamba huo ulikuwa muujiza wa dakika moja, kwa sababu Wakorea wenyewe waliwahi kufanya jambo kubwa zaidi kwa hesabu. Katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, walikuwa wanapigania medali ya shaba dhidi ya Italia, na baada ya mapambano matano walikuwa nyuma 15–25. Walishinda 45–42. Ukitoa hesabu hiyo utaona kwamba katika mapambano manne yaliyobaki Korea ilifunga 30 na Italia 17. Italia ilihitaji 20 tu, yaani 5 katika kila pambano, na katika mapambano hayo manne hazikupatikana.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha mchezo wa timu. Kuongoza kunampa mchezaji hitaji dogo, na hitaji dogo humshawishi alimalize upesi. Anaanza kutoka mbio kwenye amri ya mwamuzi kila mara, anashambulia kwa mtindo uleule uliompa pointi mbili za mwanzo, na mpinzani aliye nyuma, ambaye hana tena cha kupoteza kwa kusubiri, anarudi hatua moja, analiacha pigo likatize hewani, kisha anachukua zamu yake. Mara tatu za namna hiyo, na uongozi umekwisha. Mchezaji anayeongoza anapaswa kuwa wa kwanza kubadilika: ashambulie mara moja, arudi mara moja, akinge pale alipotarajiwa kukata, na atumie kila nafasi halali ya kutulia kati ya pointi na pointi. Aliye nyuma naye asijaribu kulipa deni lote kwa pigo moja kubwa, maana pigo kubwa hutoa pointi ileile moja inayotolewa na pigo dogo. Ukiangalia tena pambano la Kharlan, mtazame katikati ya pointi, wakati hakuna kinachotokea. Haharakishi kurudi kwenye mstari.

Kuna hatari nyingine ambayo nawasihi waijue mapema, nayo ni kadi. Mchezaji akiondoka mstarini kabla ya amri ya mwamuzi huonywa kwa kadi ya njano, na akirudia hupewa nyekundu, ambayo maana yake ni pointi kwa mpinzani. Katika kitara, ambapo kila mtu anataka kuwa wa kwanza kuondoka, kosa hilo ni la kila siku. Matokeo yakiwa 44–44, kadi nyekundu humaliza mechi. Fainali ya kwanza kabisa ya timu za wanawake katika Olimpiki, ya Beijing mwaka 2008, iliisha 45–44, Ukraine ikiishinda China nyumbani kwake, kwa hiyo sisemi habari ya kufikirika.

Swali lako la tatu linategemea jedwali ambalo ni vizuri ulinakili ukutani. Timu moja hupewa namba 1, 2 na 3, nyingine 4, 5 na 6, na upande wa kila timu huamuliwa kwa kura. Mapambano hufuatana hivi: 3 na 6, 1 na 5, 2 na 4, 1 na 6, 3 na 4, 2 na 5, 1 na 4, 2 na 6, na la mwisho 3 na 5. Kwa kuwa kila mmoja atakutana na wote watatu, huwezi kumficha mchezaji dhaifu asikutane na nyota wa upande wa pili. Atakutana naye tu. Kinachoamuliwa na mpangilio ni lini, na deni likiwa kiasi gani.

Mmaliziaji ni namba 3 upande mmoja na namba 5 upande wa pili, na kazi zao hazifanani kama wengi wanavyodhani. Namba 3 hufungua mechi, huingia tena pambano la tano, kisha la tisa. Namba 5 huingia la pili, la sita na la tisa. Maana yake ni kwamba kura ikikuweka upande wa 1, 2 na 3, msichana wako wa kumalizia ndiye pia atakayepigana wa kwanza, akiwa bado hajazoea mwanga wa ukumbi wala jicho la mwamuzi. Kama unaye msichana ambaye huamka polepole lakini akishaamka hashikiki, upande wa 4, 5 na 6 unamfaa zaidi, na upande mwingine itakubidi umpashe mwili kwa uangalifu mkubwa kabla ya mechi.

Namba 1 na namba 4 humaliza kazi yao kwenye pambano la saba. Hapo ndipo ningemweka mchezaji ambaye bado ni mwanafunzi, si kwa kumdharau, bali kwa sababu akiacha deni, wenzake wawili bado wana mapambano mawili ya kulilipa. Nafasi inayosahauliwa na makocha wengi ni ya namba 2 na namba 6, wanaokutana katika pambano la nane. Huyu ndiye anayemkabidhi mmaliziaji matokeo. Hasifiwi na mtu, lakini tofauti kati ya kukabidhi deni la 3 na deni la 8 ndiyo tofauti kati ya kazi ngumu na kazi isiyowezekana. Ukraine ilifika pambano la mwisho ikiwa na 37 kwa sababu Alina Komashchuk na Yuliia Bakastova, pamoja na Kharlan mwenyewe katika mapambano yake mawili ya mwanzo, walizuia deni lisikue. Kwa nafasi hiyo mimi humtafuta msichana mwenye ulinzi, anayejua kurudi nyuma kwa mpango, na ambaye akishindwa hushindwa kwa 5–4 na si kwa 5–0.

Na mmaliziaji je? Makocha hupenda kumpa nafasi hiyo yule anayefunga nyingi. Mimi humpa yule ambaye mchezo wake haubadiliki kufuatana na ubao wa matokeo. Wakati mwingine ni mtu mmoja, wakati mwingine si yeye. Mchezaji wa akiba naye asikae benchi kama mgeni, kwa kuwa nahodha akitangaza mabadiliko kabla ya wakati unaotakiwa, yeye ndiye atakayechukua mapambano yote yaliyobaki ya yule anayetoka, na hatapewa pambano la kujizoesha.

Wasichana wako watauliza pia kuhusu Waafrika, nami nisingependa ulikose jibu. Wanaume wamecheza kitara katika Olimpiki tangu mwaka 1896. Wanawake waliruhusiwa foili mwaka 1924, epe mwaka 1996, na kitara mwaka 2004. Shindano la timu za wanawake la kitara liliingia mwaka 2008, likakosekana London mwaka 2012 kwa kuwa wakati ule matukio ya timu yalikuwa yanapishana, kisha likarudi Rio mwaka 2016. Kwa hiyo ni shindano changa, na Kharlan, aliyekuwa na umri wa miaka 17 alipopata dhahabu yake ya kwanza Beijing, ameishi karibu historia yake yote. Bara letu halikubaki nje. Mfumo wa kufuzu uliotumika kwa Paris uliwapa nafasi timu nne za juu katika orodha ya dunia, halafu timu bora ya kila kanda, ikiwamo Afrika, mradi iwe ndani ya 16 bora. Kwa njia ya nafasi za kanda Tunisia ilikuwa na timu ya kitara ya wanawake Tokyo, na Algeria ikawa nayo Paris. Azza Besbes wa Tunisia alipata fedha katika mashindano ya dunia ya mwaka 2017 huko Leipzig, katika kitara cha mtu mmoja mmoja. Nada Hafez wa Misri alishinda pambano lake la kwanza Paris akiwa na ujauzito wa miezi saba, kisha akatolewa na Jeon Ha-young huyohuyo waliyemwona kwenye fainali. Na jirani zetu wa Kenya walikuwa na Alexandra Ndolo, aliyecheza epe Paris na kuwa Mkenya wa kwanza kushiriki mchezo wa vitara katika Olimpiki.

Tuje Ilemela. Mna jambo moja la thamani tayari, nalo ni netiboli. Msichana aliyezoea kanuni ya hatua katika netiboli, ambaye hudaka mpira akiwa hewani, akatua na kuituliza miguu yake bila kuongeza hatua, ana nusu ya kile ninachokihangaikia kwa wanafunzi wapya. Katika kitara hairuhusiwi kuupitisha mguu wa nyuma mbele ya ule wa mbele unapokwenda mbele, kwa hiyo hakuna kukimbia; mtu husonga kwa hatua fupi, mguu wa mbele ukitangulia na wa nyuma ukifuata, magoti yakiwa yamekunjwa. Uwanja wenu una urefu wa mita 30.5 na upana wa 15.25. Chora pisti ya mita 14 kwa upana wa mita 1.5 hadi 2, ukiielekeza kwa urefu wa uwanja ili kila mwisho ubaki na nafasi ya mtu kurudi nyuma bila kujikwaa, kisha weka mstari wa katikati na mistari miwili ya kuanzia. Pisti mbili au tatu zitakaa sambamba bila kubanana. Fanyeni jioni, jua likishalegea upande wa ziwa, kwa kuwa mazoezi ya magoti yaliyokunjwa huchosha upesi kuliko wanavyotarajia.

Hadi hapo hamhitaji silaha. Wachezaji wawili wasimame kwenye mistari, mkono usiotumika ukiwa nyuma ya kiuno, na lengo liwe kugusa bega la mwenzake kwa kiganja kilicho wazi. Uso na shingo visiguswe kabisa. Anayeshambuliwa anaweza kuuzuia mkono wa mshambuliaji kwa mkono wake na kujibu, au kurudi nyuma. Msichana wa tatu awe mwamuzi, naye kila mara aseme kwa sauti kilichotokea: shambulio, limekingwa, jibu, pointi. Asipoweza kusema, pointi isitolewe. Wakishaizoea haki ya kushambulia kwa njia hii, wacheze mechi nzima ya timu ya pointi 45 kwa jedwali nililolieleza, timu mbili za watatu, na mmoja wa akiba kila upande. Wataijua fainali ya Paris kwa miili yao kabla hawajashika chuma.

Chuma kije baadaye sana, na kwa utaratibu. Nakuomba usikubali fimbo, nondo, wala barakoa ya kutengenezwa na fundi wa kuchomelea, hata akiwa fundi hodari kiasi gani. Barakoa ya mchezo huu hupimwa kwa viwango maalumu, na katika mashindano makubwa ya kimataifa koti, suruali na kinga ya ndani ya upande wa mkono wa silaha vinatakiwa kuhimili nguvu ya niutoni 800. Kwa wanawake kinga ya kifua ni ya lazima. Vipo vitara vya plastiki na vya povu vilivyotengenezwa kwa ajili ya kufundishia watoto, na hivyo ndivyo vya kutafuta kwanza pamoja na barakoa zake. Mkifika hatua ya kutaka klabu, pitia kwa ofisa michezo wa wilaya ili mpate mwongozo wa usajili chini ya Baraza la Michezo la Taifa, kwa sababu milango ya mashindano na ya misaada ya vifaa hufunguka kwa kikundi kilichosajiliwa. Siku mtakapopata vitara vya kweli, vipanguseni kila baada ya mazoezi na msivihifadhi kwenye mfuko wenye jasho, kwani unyevu wa kandokando ya ziwa huleta kutu upesi.

Katika zile mechi za viganja, mpe msichana mmoja daftari aandike kila pambano lilianza kwa matokeo gani na liliisha vipi. Baada ya mechi kadhaa, tenganisha kwa kila mchezaji mapambano aliyoyaanza timu yake ikiongoza na yale aliyoyaanza ikiwa na deni, kisha ujumlishe alizofunga na alizofungwa katika kila kundi. Ukiona mmaliziaji wako anapoteza zaidi akiwa mbele kuliko akiwa nyuma, mpeleke nafasi ya 1 au ya 4 kwa muda, na umjaribu katika nafasi yake yule ambaye takwimu zake hazitofautiani sana katika makundi hayo mawili, hata kama si yeye anayefunga pointi nyingi zaidi.